Masaa hewani au darasani: nini hasa kinamfanya mtu awe rubani wa kubeba abiria?

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kwenye fani yetu swali la kwanza unaloulizwa ni "una masaa mangapi?" Ukishalijibu, wengi hawaendelei. Masaa hayo uliyapata wapi, kwenye hali ya hewa gani, nani alikaa pembeni yako, ulikosea nini na ulirekebishwa vipi, hayo hayaulizwi. Nimeliishi jambo hili nikiwa mwanafunzi, kisha mkufunzi wa ndege ndogo, na sasa rubani wa ndege ya abiria. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Msimamo wangu nautanguliza ili tusizungushane. Masaa hayawezi kukufundisha kitu ambacho hukukutana nacho ndani ya masaa hayo. Na darasa likikueleza jambo, mikono yako bado hailijui. Kuna shimo kati ya hivyo viwili, na watu wameingia humo wakiwa na masaa tele na vyeti safi.

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, aina ya Dash 8 Q400, ilitoka Newark kwenda Buffalo, Marekani. Ikiwa inajiandaa kutua iliangukia nyumba eneo la Clarence Center. Wote 49 waliokuwa ndani walifariki, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Jumla 50.

Kasi ilikuwa inashuka na marubani hawakuiona. Usukani ukaanza kutetemeka. Kwa wasio wa fani: huko kutetemeka kumewekwa makusudi, ni ndege inakuambia kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba. Hali yenyewe tunaiita stoli. Unachotakiwa kufanya ni kushusha pua na kuongeza nguvu ya injini. Kapteni akaongeza nguvu, lakini akavuta usukani kuelekea kifuani. Pua ikapanda. Kuna kifaa cha pili ambacho husukuma usukani mbele chenyewe pale hali inapozidi. Kikasukuma, naye akashindana nacho. Rubani msaidizi akarudisha ndani flapu, vile vibao vya bawa vinavyosaidia kuibeba ndege kwenye kasi ndogo, bila kuagizwa. Tangu mtetemo wa kwanza hadi ardhini haikufika nusu dakika.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: usukani ulipotetemeka ndege ilikuwa bado inaruka. Haikuwa imeingia kwenye stoli. Walikuwa wamewasha swichi ya kuruka kwenye barafu, ambayo huifanya tahadhari ije mapema, kwa kasi kubwa zaidi, ilhali kasi ya kutua waliyoipanga ilikuwa ya siku isiyo na barafu. Nafasi ya kujinusuru ilikuwepo.

Kapteni alikuwa na masaa 3,379. Msaidizi wake alikuwa na 2,244.

Baada ya hapo familia za marehemu zilipigana kiume na kike mpaka bungeni, na nawaheshimu sana kwa hilo. Sheria ikasainiwa Agosti 2010, na kufikia 2013 kanuni ikaanza kazi: rubani msaidizi wa shirika la ndege Marekani, ambaye zamani aliweza kuanza na masaa 250, sasa awe na 1,500 na umri wa miaka 23. Waliotoka jeshini wanakubaliwa na masaa 750. Mwenye shahada ya urubani ya miaka minne, 1,000. Mwenye stashahada ya miaka miwili, 1,250.

Angalieni tena masaa ya wale wawili. Kama kanuni hii ingekuwepo usiku ule, wote wangepita bila shida.

Halafu kuna kile kifaa kinachosukuma usukani. Kapteni alikuwa amesomeshwa darasani kuhusu kifaa hicho. Kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urukaji, hakuwahi kufanyishwa zoezi lake, kwa sababu wakati ule haikuwa lazima. Kwa hiyo mara ya kwanza kukihisi mikononi ilikuwa usiku, kwenye mawingu, karibu na ardhi. Masaa 3,379 hayakumkutanisha nacho hata mara moja, na darasa lilimpa maelezo tu.

Sasa niseme yangu.

Masaa yangu mengi niliyapata kwa kufundisha. Mwanafunzi anaruka, anazunguka uwanja, anatua, anaruka tena. Mzunguko mmoja ni kama dakika sita, saa moja mizunguko kumi, siku njema masaa matano. Nilijifunza subira, nilijifunza kuona kosa kabla mwenyewe hajaliona, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mia ya kwanza ilinifundisha karibu kila kitu, na mia ya nane ilinifundisha kidogo sana.

Nikaajiriwa. Wiki ya pili ya simuleta, mkufunzi akaniwekea usiku wenye mawingu, kisha akanirundikia kazi: mnara wa kuongozea ndege unabadilisha maelekezo, mwenzangu anauliza habari ya flapu, taa moja ya njano inawaka. Usukani ukatetemeka. Ni kama mtu anakugongea meza kwa vifundo vya vidole, haraka haraka, ila unausikia mpaka kwenye viwiko. Nikafanya nilichofanya. Mkufunzi akasimamisha mashine, akawasha taa, akauliza: "Umefanya nini?" Nikamjibu kwa uhakika kabisa kwamba nimesukuma mbele. Akageuza skrini yake nione. Mstari wa usukani ulikuwa umerudi nyuma, ukakaa huko sekunde nne.

Niliwafundisha stoli wanafunzi zaidi ya mara mia. Mchana, juu sana, hewa safi, baada ya kusema "sasa tunafanya stoli". Kila mara nilijua inakuja. Mkono wangu ulikuwa umejifunza zoezi, haukuwa umejifunza kushtuka.

Karibuni.

---

Mzee wa Angani

Kijana, umeandika vizuri na nimesoma hadi mwisho. Lakini nitakupinga.

Unayazungumzia masaa kana kwamba ni foleni ya kusubiri zamu. Mimi nimestaafu, na nakuambia kuna mambo ambayo hayana sura wala ukurasa. Wingu likikaa namna fulani juu ya mlima, unajua usilisogelee, na ukiulizwa sababu unatafuta maneno. Injini ikibadili mlio kidogo, mwili wako unageuka kabla ya akili.

Chukua safari namba 32 ya Qantas, tarehe 4 Novemba 2010. Airbus A380 imetoka Singapore na watu 469, injini namba mbili ikapasuka, vipande vikakata nyaya na mabomba kwenye bawa. Kompyuta ikaanza kumwaga maonyo, moja juu ya lingine, kazi ya kuyapitia ikachukua karibu saa nzima. Mle chumbani kwa bahati walikuwemo marubani watano, kwa sababu kapteni alikuwa anakaguliwa na mkaguzi naye anafundishwa. Masaa yao kwa pamoja yalipita 70,000. Walitua, hakuna aliyeumia. Hebu waweke pale vijana wawili wenye masaa mia mbili mbili.

Na hiyo ya kumpunguzia mtu masaa 500 kwa sababu ana shahada siielewi mpaka leo. Karatasi haijawahi kutikiswa na upepo.

---

Mwalimu wa Nadharia

Shikamoo mzee wangu.

Naomba niitetee karatasi, maana ndiyo kazi yangu.

Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta katikati ya safari, juu angani, ikiwa na watu 69. Kipimo cha mafuta kilikuwa kibovu, kwa hiyo walipima kwa mkono na kupiga hesabu. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ndege ilikuwa mpya, inatumia kilo, wao wakatumia namba ya kubadilishia ya ratili waliyoizoea. Wakaondoka na ratili 22,300, yaani chini ya nusu ya walichohitaji. Hesabu hiyo ilipita mikononi mwa mafundi na marubani wazoefu, tena ikakaguliwa zaidi ya mara moja. Mazoea ndiyo yaliyowaponza: namba ile walikuwa wameiona kwenye karatasi za mafuta miaka yote. Mwanafunzi wangu wa muhula wa kwanza, ambaye hana mazoea yoyote, angeandika kipimo mbele ya kila namba na kosa lingeonekana.

Jingine. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwachukua marubani 20 ambao hawakuwa wamefundishwa kuruka kwa kutegemea vipimo, wakawaziba macho yasione nje, kama vile wameingia mawinguni. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani ulikuwa sekunde 178. Sikio la ndani linadanganya: ndege ikilala polepole upande mmoja, mwili unakuambia uko sawa, na ukiinyoosha unahisi umelala upande wa pili. Mtu anaweza kuruka maisha yake yote kwenye jua asilijue hilo.

Wala si wasiofundishwa peke yao. Tarehe 5 Mei 2007, safari namba 507 ya Kenya Airways iliondoka Douala usiku wenye mvua ya radi. Otopailoti, kifaa kinachorusha ndege chenyewe, haikuwa imewashwa, na ndege ikaanza kulala kulia taratibu, taratibu, bila mtu kuisahihisha. Watu 114 walipotea. Uchunguzi ulitaja marubani kupoteza mwelekeo gizani. Kapteni alikuwa na zaidi ya masaa 8,000.

Mashine za darasani zenyewe zilizaliwa na tatizo hilihili. Edwin Link alikulia kwenye kiwanda cha baba yake cha vinanda vya upepo, akatumia mifuko ile ya kusukuma hewa kutengeneza kisanduku kinachoyumba kama ndege. Kwa miaka kadhaa watu walikiona kama mchezo wa watoto. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wake wakaanza kufa kwenye mawingu na theluji, ndipo likanunua visanduku sita.

---

Mzee wa Angani

Marahaba mwalimu. Ile 767 umeisimulia nusu.

Mafuta yalipokwisha, injini zote mbili zikazima. Aliyeitua ni Bob Pearson, na Pearson alikuwa mrushaji wa glaida, zile ndege zisizo na injini. Walikuwa wanaelekea uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, na rubani msaidizi Maurice Quintal aliufahamu kwa sababu aliwahi kutumikia hapo. Wakafika wakiwa juu mno. Pearson akaipindisha ndege ubavu, mguu huku na usukani kule, ili ipoteze kimo bila kuongeza kasi. Ndege ya abiria ya injini mbili, inatelezeshwa ubavu kama glaida! Wote 69 walitoka hai.

Hakuna darasa lililomfundisha kuifanyia hivyo Boeing.

---

Mleta uzi

Mzee, hapo umenipa silaha, samahani kwa kuitumia.

Kilichomwokoa Pearson ni masaa, sawa. Lakini masaa gani? Yale ya glaida, ya siku za mapumziko. Ungeyatoa hayo ukambakishia maelfu ya masaa ya ndege kubwa yenye injini zinazofanya kazi, angejifunzia wapi kuteleza ubavu? Ndiyo hoja yangu tangu mwanzo.

Na wewe mwalimu, kanuni ya kupunguza masaa kwa ajili ya shahada nitaikubali siku nitakapoona kilichomo ndani ya shahada. Sheria ya 2010 ilimruhusu mkuu wa mamlaka ya anga ya Marekani kuhesabu mafunzo ya kitaaluma badala ya sehemu ya masaa, endapo ataridhika kwamba usalama unaongezeka. Wazo ni zuri. Ila mtu aliyesoma anga ya juu inavyobadili tabia ya bawa, akaulizwa, akajieleza ubaoni, kisha akaenda kuihisi kwenye simuleta, hafanani na aliyekariri majibu ya mtihani.

Kusema anga ya juu nimekumbuka Air France 447. Tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 juu ya Atlantiki, kimo cha futi 35,000. Mirija ya kupimia kasi ikaziba kwa barafu, otopailoti ikajitoa, ndege ikakabidhiwa kwa mikono. Kapteni, mwenye karibu masaa 11,000, alikuwa ametoka kwenda kupumzika. Aliyekuwa anarusha alikuwa na masaa 2,900 hivi. Akavuta. Ndege ikapanda kufikia futi 38,000, ikaingia kwenye stoli, na sauti ya "stall" ikalia mfululizo sekunde 54. Tangu otopailoti ijitoe hadi kugonga bahari zilipita dakika nne na ushee. Watu 228.

Wachunguzi wa Ufaransa walieleza kwamba marubani wasaidizi hawakuwa wamepewa mafunzo ya kurusha ndege kwa mikono kwenye kimo kile huku kasi haisomeki. Fikirini: masaa elfu mbili na mia tisa, karibu yote ya kimo kile yakiwa yamerushwa na otopailoti. Daftari linaandika saa nzima. Mikono iliruka dakika chache.

---

Abiria Tu

Mimi sina ujuzi wowote, nasafiri tu. Naomba kuuliza kwa nia njema: kwa hiyo Ulaya na kwingineko ambako hawana hiyo 1,500, tunapanda ndege zenye wanafunzi?

---

Kiti cha Kulia

Ndugu abiria, nikujibu mimi maana nimetoka huko.

Kozi ya moja kwa moja ya Ulaya inataka angalau masaa 750 ya nadharia, mitihani 13, kila mmoja ufaulu kwa asilimia 75, na masaa ya kuruka yasiyopungua 195. Baada ya hapo kuna mafunzo ya kufanya kazi marubani wawili, kisha mafunzo ya aina ya ndege utakayorusha, kisha miezi ya kuruka na abiria ukiwa pembeni ya kapteni ambaye ni mkufunzi. Kuna pia leseni ambayo shirika la anga la Umoja wa Mataifa, ICAO, liliiingiza mwaka 2006, inayomwandaa mtu tangu siku ya kwanza kwa chumba cha marubani wawili. Inataka masaa 240 ya mafunzo, simuleta ikiwemo, na unapita kwa kuonyesha unaweza. Kutimiza muda peke yake hakukuvushi.

Nilipoanza niliogopa. Nilikuwa najua kwa nini barafu inabadilisha umbo la bawa, nikiweza kukuchorea. Lakini siku ya kwanza kuona barafu halisi ikijenga kwenye kile kijiti kilicho nje ya kioo, nyeupe, ikikua ninaitazama, nilikaa kimya. Kapteni akaniuliza, "Tufanye nini?" Nikajua jibu, sauti haikutoka mara moja. Akangoja. Hakunijibia. Nafikiri zile sekunde chache za kungojwa zilinifundisha kuliko muhula mzima, na pia najua kwamba bila ule muhula nisingekuwa na cha kusema sauti ilipotoka.

Mzee wa Angani, wale vijana wawili wa masaa mia mbili mbili unaowasema hawapo. Hatupangwi wawili. Pembeni yangu yupo mtu kama wewe.

---

Mzee wa Angani

Hapo kwenye kungoja nimekuelewa, mwanangu. Makapteni wengi hawangoji. Mimi mwenyewe nilikuwa na haraka ya kushika.

---

Mwalimu wa Nadharia

Na kapteni asiyengoja wala kusikiliza, masaa yake ndiyo hugeuka hatari. Desemba 1978, DC-8 ya United, safari 173, ilikuwa inazunguka karibu na Portland, magurudumu yana hitilafu. Walizunguka takriban saa nzima kapteni akishughulikia magurudumu na maandalizi ya abiria, mpaka mafuta yakaisha. Watu 10 walifariki. Kapteni alikuwa na zaidi ya masaa 27,000. Msaidizi na mhandisi wa ndani walikuwa wanaona mafuta yanashuka, wakadokeza, hawakusema kwa nguvu.

Kutokana na hiyo, shirika lilianzisha mwaka 1981 mafunzo ya ushirikiano wa chumba cha marubani. Wazee wengi waliyakebehi, wakayaita kozi ya adabu. Julai 1989 DC-10 ya shirika hilohilo, safari 232, injini ya mkiani ikapasuka na haidroliki yote ikakatika. Usukani haufanyi kitu. Abiria mmoja, Dennis Fitch, alikuwa mkufunzi wa DC-10 na alikuwa amewahi kujaribu hali kama hiyo kwenye simuleta baada ya kusikia ajali ya Japani ya 1985. Kapteni Al Haynes akamwita mbele, akampa vishikio vya nguvu za injini. Wakaigeuza ndege kwa kuongeza injini hii na kupunguza ile mpaka uwanja wa Sioux City. Watu 184 walitoka hai kati ya 296. Haynes, mwenye uzoefu wote ule, alisema miaka yote baadaye kwamba bila yale mafunzo ya kushirikiana wasingefika.

---

Mleta uzi

Mwalimu, ahsante, hiyo ya Fitch huwa inanisisimua kila nikiisoma.

Niongeze kitu kuhusu Colgan ambacho hakisemwi sana. Kabla ya ajali ile, mafunzo ya stoli kwenye ndege za abiria kwa miaka mingi yalisisitiza usipoteze kimo: ongeza nguvu, shikilia pua, ukishuka futi mia moja umefeli. Maana yake maelfu ya marubani walipimwa na kupongezwa kwa tabia iliyo karibu sana na ile ya kuvuta. Mwaka 2012 mamlaka ya Marekani ikabadilisha mwongozo: kwanza shusha pua, kimo utakitafuta baadaye. Na kuanzia 2019 mashirika ya huko yanalazimika kuwaingiza marubani kwenye stoli kamili ndani ya simuleta, pamoja na kile kifaa cha kusukuma. Kabla ya hapo simuleta nyingi hazikuwa hata na takwimu za jinsi ndege inavyofanya ikishapita ukingo wa stoli. Ziliigiza mpaka mlangoni, ndani hazikuingia.

Kwa maoni yangu hilo badiliko limeokoa watu wengi kuliko namba 1,500, na halikuwa la masaa wala la vitabu. Ni saa moja au mbili za mtu kushtushwa mahali asipoweza kufa, na mwalimu pembeni anayejua kwa nini mkono ulivuta.

---

Mtafuta Masaa

Wakuu shikamooni. Nimefuatilia uzi tangu asubuhi. Mimi nina masaa 320, ni mkufunzi wa ndege ndogo, bado 1,180 nifike. Mmenivunja moyo kidogo. Sasa nifanyeje? Niache kufundisha?

---

Mleta uzi

Usiache, mdogo wangu. Kufundisha ni kazi ya heshima na inanoa. Badilisha kinachoingia ndani ya hayo 1,180.

Omba safari za usiku, nyingi uwezavyo, halali na salama. Siku ya upepo wa ubavu ambao uko ndani ya uwezo wa ndege na wako, usiahirishe kwa uvivu, nenda na mkufunzi mwandamizi. Tafuta glaida, hata masaa kumi. Tafuta kozi ya kuitoa ndege kwenye mkao mbaya, ile wanayokulaza kichwa chini, na uifanye na anayeifahamu. Ukiwa na kibali cha kuruka kwa vipimo, usibakie chini ya kofia ya mazoezi, ile inayokuzuia kuona nje, tu, ingia kwenye wingu halisi na mtu mzoefu.

Halafu kwenye daftari lako kuna safu ya maelezo ambayo wengi tunaandika "mizunguko" na kufunga. Andika hapo kitu kimoja ambacho hukukitegemea. Kama kurasa mbili zimepita na huna cha kuandika, ujue unahesabu muda.

---

Mzee wa Angani

Naafiki yote hayo. Niongeze moja: mara moja kwa wiki, ukiwa na mkufunzi mwenzako, mmoja apunguze nguvu ya injini mpaka chini bila kutoa taarifa, mwingine aitafutie ndege pa kufika.

---

Mtafuta Masaa

Ahsanteni sana. Mzee, hiyo ya kupunguza injini tuianzie kimo gani?

---

Mzee wa Angani

Anzeni juu ya uwanja wenu wenyewe, futi 3,000 kutoka ardhini, mnara ukiwa na taarifa, na mkubaliane kabla ya kuondoka ni nani mwenye neno la mwisho la kurudisha nguvu. Mkizoea, shukeni taratibu. Injini ikikaa chini muda mrefu inapoa, iamsheni kidogo kila baada ya futi mia kadhaa. Na kila siku kabla ya kupanda, kila mmoja amwambie mwenzake upepo unatoka wapi. Ukishtukizwa ndiyo uanze kuutafuta, umechelewa.